Siku nane Japani kwa ulimi wa pwani

Siku ya 1: Tokyo, wali mtupu

Wali uje kwanza, maana hapo ndipo mlaji wa pwani hutoa hukumu mapema akakosea. Bakuli linaletwa na wali mweupe ndani yake: hauna chumvi, hauna tui, hauna tone la mafuta, na punje zimeshikana. Tanga au Lamu mpishi angeulizwa ana mawazo gani leo. Huku ndivyo unavyotakiwa uwe.

Mchele wa Japani ni wa punje fupi, wenye wanga mwingi wa aina ya kunata. Wa kwetu, uwe wa Kyela au basmati, una wanga mwingi zaidi wa aina ile inayoacha punje zichambuke. Kipimo chao ni *go*, yaani mililita 180, na go moja ya mchele ni gramu 150 hivi. Maji ya kwanza ya kuoshea humwagwa upesi, kwa kuwa mchele mkavu hunywa haraka na utainywa harufu ya pumba. Osha mara tatu au nne, kisha loweka nusu saa wakati wa joto, saa nzima wakati wa baridi. Maji ya kupikia ni kipimo 1.1 hadi 1.2 kwa kimoja cha mchele. Moto mkali mpaka yachemke, mdogo dakika 10 hadi 12, zima, kisha dakika 10 nyingine bila kufunua. Anayefunua kuchungulia huutoa mvuke uliobaki kuivisha kiini.

Ukichukua mchele huo ukaupikia tui kwa vipimo vya wali wa nazi, viwili kwa kimoja, utapata mashendea. Na basmati hauwezi kubeba kipande cha samaki juu yake bila kusambaratika, hata uutie siki ya aina gani.

Lakini mfumo wa mlo ni ule ule. Wali ndio chakula, vingine ni *okazu*, na okazu ni kitoweo, tafsiri iliyokamilika kabisa. Tofauti ni kwamba kwetu mchuzi humwagwa juu ya wali ukachanganywa kwa vidole, ilhali pale wali hubaki mweupe mpaka mwisho: tonge la wali, kipande cha kitoweo, funda la supu, kisha tena wali. Kumwagia mchuzi wa soya juu ya wali mtupu huonekana kama kuumwagia chai. Hata ukoko una jina lake, *okoge*, na wanaougombania ni watoto, kama kwetu.

Siku ya 2: Toyosu

Soko la Toyosu lilifunguliwa 11 Oktoba 2018 kuchukua nafasi ya soko la ndani la Tsukiji, lililofanya kazi tangu 1935. Maduka ya nje ya Tsukiji yamebaki, na hapo ndipo pa kula. Mnada wa jodari huanza karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kuutazama kwa karibu huombwa mapema na washindi hupatikana kwa bahati nasibu. Soko hufungwa Jumapili na baadhi ya Jumatano, kwa hiyo kalenda iangaliwe kwanza.

Aliyezoea mnada wa Feri, Dar es Salaam, atauelewa huu bila mkalimani. Kipya ni kinachofanyika kabla yake. Mnunuzi hummulika jodari kwa tochi pale mkia ulipokatwa, anaangalia rangi na mafuta. Samaki wengine huuawa kwa njia iitwayo *ikejime*: ubongo unachomwa kwa ncha, damu inatolewa, kisha waya unapitishwa kwenye uti wa mgongo ili mwili usiendelee kutapatapa. Samaki anayetapatapa muda mrefu huchoma nguvu yote ya misuli yake, nyama ikapata joto na kulegea mapema. Kwetu changu akifika ufukweni amelegea, limau na ndimu, thomu na mafuta ya moto vitamsaidia. Hapa huliwa mbichi, hakuna cha kumsaidia zaidi ya kisu chenye makali upande mmoja, kinachovutwa mara moja bila kusugua.

Tahadhari kwa anayetaka kujaribu nyumbani: jodari na vibua waliokaa juani hujenga histamini, aina ya sumu, na histamini haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha. Mdomo ukiwasha kama pilipili kwenye samaki asiye na pilipili, acha kula.

Siku ya 3: Yokosuka, bizari iliyopita kwa Waingereza

Kama saa moja kwa treni kusini mwa Tokyo upo mji wa jeshi la majini ulioamua 1999 kujiita mji wa kari. Bizari iliingia Japani karne ya 19 kupitia Waingereza, si kupitia Wahindi wenyewe, na kitabu cha upishi cha jeshi la majini cha 1908 kina maelekezo yake. Mpaka leo mabaharia wa Japani hula kari kila Ijumaa. Mjini hapo huletwa pamoja na saladi na glasi ya maziwa.

Sisi bizari ilitufikia moja kwa moja kwa majahazi, ndiyo maana mchuzi wetu na kari hii ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Mchuzi wa pwani huanza na kitunguu kikaangwe mpaka kiwe kahawia, tangawizi na thomu, nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge, kisha bizari na tui. Ishara ya kuiva ni mafuta kuelea juu. Kari ya Yokosuka huanza na unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta ya ng'ombe mpaka upate rangi ya mbweha, ndipo bizari inatiwa, ndipo supu inaongezwa kidogo kidogo. Kwa watu wanne, gramu 40 za unga na 40 za mafuta hutosha mililita 750 za supu, pamoja na vijiko viwili vya bizari. Unga huyakamata mafuta, kwa hiyo yakielea juu ujue umekosea: ama unga ulikuwa mchache, ama mchuzi umechemka kwa fujo ukakatika. Ile ile tunayoiita imeiva, wao wanaiita imeharibika.

Bizari ikitiwa kabla ya unga kubadilika rangi itaungua na kuwa chungu, kwa sababu unga unahitaji dakika 15 za moto mdogo na bizari haihitaji hata moja. Pembeni huwekwa achari tamu ya rangi nyekundu, *fukujinzuke*. Ni tamu mno, hapo kachumbari ingefanya kazi vizuri zaidi.

Siku ya 4: Kyoto, supu isiyoonekana

Treni ya kasi kutoka Tokyo huchukua saa mbili na robo hivi. Kyoto ndipo pa kujifunza *dashi*, na bila dashi hakuna kinachoeleweka katika jiko la Japani.

Dashi ni maji yaliyoonjeshwa vitu viwili vikavu. Cha kwanza ni *kombu*, mwani mpana wa maji baridi ya Hokkaido. Cha pili ni *katsuobushi*, jodari mdogo aliyechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa miezi kadhaa, na yule wa daraja la juu huoteshwa ukungu maalumu unaonyonya unyevu uliobaki, mpaka anakuwa mgumu kama gogo na hulazimika kuparuzwa kwa randa.

Lita moja ya maji, gramu 10 za kombu, gramu 20 hadi 30 za katsuobushi. Unga mweupe juu ya kombu si ukungu, usiuoshe, pangusa vumbi tu. Loweka nusu saa. Washa moto mdogo, na vijipovu vikianza kupanda kando ya sufuria, kabla maji hayajatokota, toa kombu. Ongeza moto mpaka yatokote, zima, tia katsuobushi, hesabu dakika moja au mbili, chuja kwa kitambaa. Usikamue. Mkono wa mpishi wa pwani uliozoea kukamua nazi mpaka tone la mwisho utawashwa, lakini ukikamua unapata uchungu na harufu ya samaki. Kombu nayo ikitokota hutoa ute. Makapi hayatupwi: lita nyingine ya maji, dakika 10 za moto mdogo, na konzi ndogo ya katsuobushi mpya, hiyo ni dashi ya pili, ya kuchemshia mboga na ya supu ya miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa. Miso hukorogwa moto ukishazimwa, kijiko kimoja cha chakula kwa bakuli. Ikitokota, harufu inakwenda zake.

Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, profesa wa kemia Tokyo, alitenga glutamati kutoka kwenye kombu na kuiita ladha yake *umami*. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akapata inosinati kwenye katsuobushi. Zikikutana, ladha haijumlishwi, inazidishwa. Mpishi wa pwani anaifanya hesabu hiyo kila siku bila kuitaja: nyanya zina glutamati, dagaa na ng'onda wana inosinati. Mchuzi wa dagaa wenye nyanya nyingi umesimama juu ya nguzo zile zile mbili.

Pale njia zinapoachana ni kwenye chombo cha kubebea ladha. Harufu ya iliki, mdalasini, bizari nyembamba na karafuu huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo sababu pilau huanza kwa kukaanga na mchuzi humalizikia kwenye kasimile. Umami wa kombu huyeyuka kwenye maji. Jiko letu hupanda mafuta, lao hupanda maji. Ukilionja la kwao kwa ulimi unaongoja mafuta, utasema halina ladha. Na muda umewekwa mahali tofauti: mchuzi wa kwetu hula saa nzima jikoni, dashi hula dakika chache baada ya miezi ya kukaushwa kwingine.

Basi maji yenyewe huwa kiungo. Ya Kyoto ni laini, na kombu hujitoa vizuri ndani yake. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvichumvi hayafai, tumia ya mvua au ya chupa yenye madini machache. Wala usichemshe mwani wa Paje ukitarajia dashi. Zanzibar hulima mwani kibiashara tangu 1989, lakini ni jamii nyingine kabisa, husafirishwa nje kwa ajili ya karagenani inayogandisha vyakula. Ukiuchemsha utapata uji mzito usio na umami.

Neno kwa asiyetumia pombe wala nguruwe: dashi yenyewe ni salama, lakini vilivyochemshwa ndani yake mara nyingi vimetiwa mirini, mvinyo mtamu wa mchele wenye kilevi cha asilimia 14 hivi, au sake. Supu nzito nyeupe ya tambi za rameni huwa ya mifupa ya nguruwe. Tokyo Camii, msikiti wa Yoyogi, una duka la halali, kwa hiyo nunua pale kabla ya kuondoka Tokyo.

Siku ya 5: Kyoto bado, saba

Kijapani *saba* si hesabu, ni kibua. Kyoto haina bahari, kwa hiyo vibua walitiwa chumvi ghuba ya Wakasa na kubebwa mgongoni kupita milimani, zaidi ya kilomita 70, wakifika chumvi imeshakolea kiasi chake. Njia hiyo bado inaitwa Saba Kaido. Huliwa juu ya wali wa siki ulioshindiliwa na kufunikwa kombu, chakula cha sikukuu.

Papa na ng'onda wetu hutiwa chumvi ili wakae miezi, halafu huloweshwa waitoe. Kibua wa Kyoto siku hizi hutiwa chumvi saa moja au mbili tu, huoshwa, kisha hulala kwenye siki nusu saa hadi saa moja: nje anakuwa mweupe, ndani anabaki mwekundu. Kosa la hatari ni kudhani siki imeua minyoo. Haiui. Samaki agandishwe kwanza kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa saa 24 kamili mpaka kiini, na kwa kuwa friza nyingi za nyumbani hazifiki huko upesi, toa siku mbili au zaidi.

Siku ya 6: Osaka, vitumbua vya pweza

Hapa hakuna haja ya maelezo marefu ya utamaduni. Mwenye kibanda ana chuma chenye mashimo ya nusu duara, kopo la rojo, mti wa kugeuzia na foleni. Ni vitumbua, ila ndani kuna pweza. Huitwa *takoyaki*, na vilianza kuuzwa Osaka 1935.

Rojo ya vitumbua ni mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa laini na tui, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Ya takoyaki ni gramu 100 za unga wa ngano, mayai mawili, mililita 350 hadi 400 za dashi na kijiko kidogo cha mchuzi wa soya. Haina hamira, na ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Mgeni huongeza unga kwa huruma, na hapo ndipo anapotengeneza kalimati.

Chuma kipate moto kisawasawa na kipakwe mafuta mpaka kwenye nafasi kati ya shimo na shimo. Vitumbua hujazwa robo tatu ya shimo. Takoyaki humiminwa mpaka rojo ifurike juu ya chuma chote, jambo linalomtia wasiwasi kila mpishi wa vitumbua. Kila shimo hupata kipande cha pweza cha sentimita mbili, majani ya kitunguu, tangawizi nyekundu ya siki na chembe za unga uliokaangwa. Baada ya dakika mbili au tatu, kingo zikiganda, kata kwa ncha ya mti kati ya mashimo, sukumia ile iliyofurika ndani, kisha geuza robo tu, si nusu. Rojo mbichi iliyo katikati itamiminika chini ijenge ukuta wa upande wa pili. Baada ya muda mfupi geuza tena, na kuanzia hapo zungusha bila kuacha mpaka dakika 8 au 10 zitimie. Kitumbua hugeuzwa mara moja tu, ndiyo maana kina kiuno. Takoyaki ni duara kamili kwa sababu ya ile robo. Kikishikilia, chuma kilikuwa baridi au mafuta hayakufika kingoni, sababu zile zile za vitumbua.

Ndani hubaki laini, karibu ya kumiminika. Hakijakosa kuiva. Ila huunguza ulimi vibaya, basi kitobolewe kwanza.

Pweza nao. Kwetu hupigwa mwambani, huchemshwa kwa maji yake mwenyewe karibu saa nzima mpaka alainike, kisha makaa au tui. Wao husugua kwa chumvi mpaka ute utoke, humchovya mikono mara mbili tatu kwenye maji yanayotokota ili ijikunje, kisha humchemsha dakika 10 hivi, mwingine hutia majani ya chai kwa ajili ya rangi. Pweza wa namna hiyo hutafunwa, tena kwa makusudi: wanataka meno yapate kazi. Muuza supu ya pweza wa Forodhani angemrudisha sufuriani, na mimi ningekuwa upande wake. Sifa za supu ile kwa vijana hawa jamaa hawana habari nazo.

Siku ya 7: Takamatsu, unga wa kukanyaga na dagaa

Kutoka Okayama treni huvuka daraja la Seto, lililofunguliwa 1988, na ndani ya saa moja upo Takamatsu, mkoa wa Kagawa. Udoni, tambi nene za ngano, ndiyo kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha kila wakati.

Unga gramu 500, chumvi 25, maji 230. Mpishi wa chapati ataona donge ni kavu mno, maana chapati laini hunywa maji 300 kwa unga huo huo, na mafuta juu. Ndiyo sababu ya kukanyaga: mikono haitoshi. Donge hutiwa kwenye mfuko imara wa plastiki, hukanyagwa kwa soksi safi, hukunjwa, hukanyagwa tena mara nne au tano. Lipumzike saa mbili. Likivutika na kurudi wakati wa kusukuma, halijapumzika, lisilazimishwe. Sukuma mpaka unene wa milimita tatu, kunja kama barua, kata. Maji ya kuchemshia yawe mengi, angalau mara kumi ya uzito wa tambi, dakika 10 hadi 12, kisha osha kwa maji baridi ukisugua mpaka utelezi uishe. Chumvi nyingi ile haishangazi: hukaza gluteni, protini ya ngano inayofanya donge livutike, kisha sehemu kubwa ya chumvi hubaki kwenye maji. Wazee wa huko huipima kwa majira, kikombe kimoja cha chumvi kwa maji vitatu wakati wa joto kali, sita wakati wa baridi, kwa kuwa joto hulegeza donge. Ngano nyingi yenyewe hutoka Australia.

Supu yake ni dashi ya *iriko*, yaani dagaa wa bahari. Huvuliwa karibu na kisiwa cha Ibuki, huchemshwa papo hapo kwenye maji ya chumvi, hukaushwa. Ni kazi ile ile inayofanywa Unguja kwa dagaa wanaokwenda Kongo. Vichwa na matumbo hupopotolewa kwa ajili ya uchungu. Gramu 30 kwa lita, walaze usiku kucha kwenye maji, chemsha taratibu dakika 10, chuja. Kombu na katsuobushi ni ghali na za kuagiza, iriko unao: chagua dagaa waliochemshwa, wenye rangi ya fedha na waliopinda. Wenye tumbo lililopasuka na rangi ya manjano mafuta yao yameshachacha.

Siku ya 8: Nagasaki

Wareno walifika Japani 1543, na Nagasaki ikafunguliwa kwa biashara yao 1571. Mwaka 1593 wale wale walianza kujenga Fort Jesus Mombasa. Sisi walituachia meza na mvinyo, Japani waliacha *pan*, mkate, na namna ya kukaanga iliyokuja kuitwa tempura. Jiko linalopanda maji lilijifunza karai kwa wageni.

Bajia za unga wa dengu hukorogwa upendavyo, dengu haina gluteni. Tempura ni kinyume: yai moja na maji ya barafu vitimie mililita 200, gramu 100 za unga laini, vijiti mara kumi tu, mabonge yabaki. Ukikoroga mpaka ilainike, unapata ganda la mkate linalonyonya mafuta. Korogea kidogo kidogo, usiache rojo ikae. Mboga nyuzijoto 170, kamba 180: tone la rojo lizame mpaka katikati ya mafuta ndipo lipande. Likizama mpaka chini, mafuta bado.

Cha pili cha Wareno ni *kasutera*, keki isiyo na siagi, maziwa wala hamira. Mzanzibari atasema: mkate wa mayai. Atakuwa sahihi, akiondoa iliki. Mayai 5, sukari gramu 160, unga wa mikate gramu 130, asali vijiko viwili vilivyolainishwa kwa maji ya moto. Piga mayai na sukari juu ya maji vuguvugu mpaka mchirizi wake ubaki unaonekana juu, ndipo unga, kwa mara tatu. Oveni nyuzijoto 170 dakika 10, kisha 150 dakika 50. Ndani ya dakika chache za mwanzo hufunguliwa mara mbili tatu na kukorogwa ndani ya bati, kuvunja mapovu makubwa. Hilo mkate wa mayai haufanyiwi, na ndio sababu tundu zake ni kubwa. Ikitoka, bati hudondoshwa mezani kutoka kimo cha shubiri ili keki isinywee, kisha hufungwa karatasi ya plastiki ingali moto.

Mkate wa mayai huliwa siku hiyo hiyo, na kahawa. Kasutera ikikatwa siku hiyo hubomoka na ladha ya yai huwa mbichi. Hulala mpaka kesho, sukari ivute unyevu usambae sawasawa, ndipo hukatwa kwa kisu kirefu kinachopanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kila pande.